KARDANI YA GARI LILILOPANDISHWA: BREKI USIYOIONA



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu vya kazi, vumbi na maji safi ya kunywa. Leo tuingie chini ya gari. Wengi wetu tunafika kazini kwa gari, chakula kinatufikia kwa gari, na mgonjwa akizidiwa ni gari linalompeleka hospitali Butembo au Beni. Katika nchi yetu ya milima na matope, gari hilo huwa ni lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Na siku hizi karibu kila mwenye gari la namna hiyo anataka kulipandisha juu: anaongeza resori, anaweka mipira mikubwa, tumbo la gari linakuwa mbali na ardhi.

Sababu tunaijua sote. Anayetoka Butembo kwenda Manguredjipa, karibu kilomita 100 kupitia Njiapanda, hukutana na mashimo ambayo kamiyo inaweza kulala ndani yake siku nzima. Mradi wa lami kutoka Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo, kilomita 54, ulianzishwa mwaka 2021 na serikali za Kongo na Uganda. Ni jambo jema. Lakini machimbo hayako kando ya lami, na hayatahamia huko.

Basi sikatazi kupandisha gari. Nasema hivi tu: chagua viungo vya kardani kwanza, kisha ndipo upandishe. Wengi wanafanya kinyume. Wanapandisha leo, wanafurahia wiki mbili, halafu kardani inaanza kulia, na hapo ndipo wanakwenda sokoni kutafuta kiungo chochote kinachoingia.

Kardani ni kitu gani? Ni kile chuma kirefu cha mviringo kinachotoka kwenye sanduku la gia kwenda kwenye ponti, yaani ekseli inayoshika magurudumu. Ng'ambo ya Kasindi, Waganda na Wakenya wanaiita propela shafti. Gari la magurudumu manne lina mbili: moja ya nyuma, na moja ya mbele ambayo kwa kawaida ni fupi zaidi. Ponti hupanda na kushuka kila gari linapopita kwenye shimo, lakini sanduku la gia limefungwa kwenye shasi. Kwa hiyo kila upande wa kardani kuna kiungo kinachokunjika huku kikizunguka. Kiungo cha kawaida ni msalaba mdogo wa chuma ulioshikwa na uma mbili, na kwenye kila ncha ya msalaba kuna kikombe chenye rulema nyembamba kama sindano. Jina la kardani linatoka kwa Gerolamo Cardano, mtaalamu wa Italia wa karne ya 16. Chuma ni cha kizamani, lakini bado kinabeba nguvu yote ya motere.

Msalaba huo una tabia moja ambayo madereva wengi hawajaambiwa. Ukiwa umenyooka, unazungusha sawasawa. Ukikunjika, hauzungushi sawasawa tena: katika kila mzunguko mmoja unaharakisha mara mbili na kuchelewesha mara mbili. Pembe ikiwa ya digrii 10, tofauti ni ndogo, sehemu moja na nusu kwa mia kila upande. Pembe ikifika digrii 30, mwendo unashuka hadi 87 kwa mia kisha unaruka hadi 115 kwa mia, tena na tena. Sasa fanya hesabu. Gari lenye mipira ya kawaida likienda kilomita 60 kwa saa, kardani inazunguka kiasi cha mara 1,600 kwa dakika. Ina maana chuma hicho kinasukumwa na kuzuiwa mara 3,200 kila dakika. Hapo rulema haiwezi kudumu.

Waliotengeneza gari wanajua hilo, ndiyo maana wanaweka misalaba miwili. Kosa la msalaba wa kwanza linafutwa na msalaba wa pili, mradi masharti mawili yatimizwe: pembe za juu na chini ziwe sawa, na uma za pande mbili za kardani zielekee upande mmoja. Fundi akifungua sehemu ya kardani inayoteleza na kuirudisha bila kuangalia alama, uma hazielekei tena pamoja, na makosa mawili yanajumlishwa mahali pa kufutana. Gari linatetemeka. Mwenye gari anaambiwa kwamba mipira haijasawazishwa, anatoa fedha za kusawazisha mipira, na gari linaendelea kutetemeka vilevile.

Sasa ongeza urefu. Kardani ya nyuma yenye sentimita 120, ukipandisha gari sentimita 10, inapata karibu digrii 5 zaidi. Kardani ya mbele yenye sentimita 70 inapata digrii 8. Na hapo gari limesimama tu. Gurudumu likining'inia ndani ya shimo, pembe inakua tena. Ndiyo sababu gari fupi, ambalo vijana wanalipenda kwa kuwa linageuka kwa urahisi, ndilo linaloumia zaidi likipandishwa.

Tuje kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu husema: kardani ikikatika, basi, gari linasimama, tunatafuta nyingine. Ndugu yangu, gari linasimama kama uko mahali tambarare. Fikiria mteremko wa Kabasha, ule unaoshuka kutoka Kanyabayonga kuelekea bonde la Rwindi. Hakuna dereva mwenye akili anayeshuka pale kwa breki ya mguu peke yake. Breki zingewaka moto kabla ya kufika chini. Anaingiza gia ndogo na motere inashikilia gari. Lakini motere inashikilia magurudumu kwa njia gani? Kwa kardani. Msalaba ukivunjika katikati ya mteremko, gia ndogo haina kazi tena. Mzigo wote unaangukia breki ya mguu wakati huohuo. Na ile kardani iliyoachia upande mmoja haitulii. Inapiga huku na huku chini ya gari kama rungu, na njiani inaweza kukata mrija wa mafuta ya breki au kutoboa tanki.

Yapo mabaya zaidi. Kwenye Land Rover, zile za zamani tangu 1948 hadi Defender za mwisho za 2016, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya sanduku la gia, pale inapoanzia kardani ya nyuma. Land Cruiser nyingi za FJ40 ni hivyo pia. Kwa magari hayo, kardani ya nyuma ikikatika, unavuta breki ya mkono hadi mwisho, unaona imeshika vizuri, na gari linaendelea kuteremka.

Kwa hiyo naomba tuache kuiita kardani kipande cha kuvutia gari tu. Ni sehemu ya breki. Na hakuna anayenunua breki kwa kuangalia bei peke yake.

Utachaguaje? Kwanza pima. Huhitaji mashine ya Ulaya. Chukua ile raportere ya mtoto wako wa shule, funga uzi wenye kokoto pale katikati, weka ubao wake kwenye kardani, kisha kwenye uso wa flanji ya juu na ya chini, soma digrii. Gari liwe limesimama juu ya magurudumu yake, mahali tambarare, limewekewa mawe. Mtoto mwenyewe anaweza kukuandikia namba, na atajifunza kwamba hesabu za darasani zina kazi. Kisha nyanyua shasi hadi ponti ining'inie, weka magogo imara chini ya shasi, upime tena. Hapo mtoto akae mbali. Namba ya pili ndiyo inayosema ukweli. Wakati ponti inaning'inia, tazama pia ile sehemu ya kardani inayoteleza: ikiwa imetoka sana, imebaki kushikwa na meno machache, kardani ni fupi na lazima ifanywe upya.

Maoni yangu ni haya. Kupandisha hadi sentimita 5, misalaba ya asili inatosha kwa magari mengi ikiwa ni mizima na inatiwa grisi. Kuanzia hapo hadi sentimita 10, usiamini macho, amini raportere. Kupita hapo, kwa barabara zetu na mizigo yetu, sioni faida. Gari linakuwa refu, linapinduka kwa urahisi kwenye barabara iliyolala upande, na fedha ulizotaka kuokoa zinakwenda kwenye vyuma.

Pembe ikiwa kubwa, wapo wanaoweka upande wa sanduku la gia kiungo cha misalaba miwili iliyoshikana kama mapacha. Ni kizuri, kinakunjika zaidi bila kutetemeka. Lakini kina sharti ambalo mafundi wengi hulisahau: pua ya ponti igeuzwe hadi ielekee moja kwa moja kwenye kardani, ili msalaba wa chini ubaki karibu kunyooka. Ukiweka pacha juu na kuacha ponti kama ilivyokuwa, umenunua shida. Na ukigeuza pua ya ponti kwa kabari huku juu umeacha msalaba mmoja wa kawaida, umenunua shida ileile kutoka mlango wa pili.

Pacha hizo nyingine huja zimefungwa kabisa, hazina tundu la kutilia grisi. Hapo tujifunze kwa Land Rover Discovery ya pili, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2004. Kardani yake ya mbele ina pacha isiyotiwa grisi, tena iko karibu na moto wa bomba la moshi. Grisi inakauka ndani bila mtu kujua. Magari mengi ya namna hiyo yalivunja kiungo hicho mwendoni, na kardani ikapasua sanduku la gia. Wenye magari walijifunza kuitoa na kuweka ile yenye matundu ya grisi.

Wataalamu watanijibu kwamba msalaba usio na tundu una nguvu zaidi, kwa kuwa chuma chake hakikutobolewa ndani. Wanasema kweli. Kwa mashindano ya jangwani ningewafuata. Lakini gari letu linaingia mtoni asubuhi na kwenye tope mchana. Maji yanapita kwenye mpira wa kikombe, yanakaa pale, na rulema inaota kutu. Msalaba wenye tundu unakupa nafasi ya kusukuma grisi mpya mpaka maji na uchafu vitoke. Kwa Butembo na Beni mimi nachagua wenye tundu, na pampu ya grisi ikae ndani ya gari, isibaki garajini. Unapotia, angalia grisi itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka kwenye vitatu, cha nne ni kikavu, na ndicho kitakachokuua.

Kwenye magurudumu ya mbele kuna kiungo cha aina nyingine, kile ambacho mafundi wa Kifaransa wanakiita homosinetiki. Ndani yake mna gololi 6 za chuma zinazotembea kwenye mifereji. Uzuri wake ni kwamba kinazungusha sawasawa hata kikikunjika sana, ndiyo maana kinafaa kwa gurudumu linalogeuzwa na usukani. Land Cruiser zenye ponti nzima mbele wanacho. Land Rover nyingi za zamani zilikuwa na msalaba wa kawaida mahali hapo. Tangu ile 110 ya 1983 zikawa na gololi. Kiungo hiki kinataka grisi yake, ile nyeusi yenye molibdeni, na mpira au sili ya kukifunga iwe nzima. Ukisikia tak-tak-tak ukikata kona, gololi zimekula mifereji.

Hapa sina budi kuwasema madereva wa mipira mikubwa. Mpira wa sentimita 89 mahali pa ule wa sentimita 81 unaongeza mzigo wa kiungo sehemu 10 kwa mia. Gia ndogo ya mlimani inazidisha nguvu mara mbili na nusu hivi. Kisha gari limekwama, dereva amekata usukani hadi mwisho, anakanyaga mafuta kwa hasira. Gololi zinavunja chombo chao pale pale. Ukikwama, nyoosha magurudumu kwanza, chimba, weka mawe na matawi, halafu vuta polepole. Hakuna kiungo duniani, hata cha bei gani, kilichotengenezwa kwa ajili ya hasira.

Juu ya kununua sina mengi. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana tangu zamani kwa safari zao za Dubai na China, na vipande vingine hutoka Kampala au Kirinyaga Road kule Nairobi. Kizuri kipo, kibaya kipo, na makasha yanafanana. Peleka msalaba wako wa zamani dukani. Linganisha upana wa vikombe kwa kipimo, si kwa macho. Zungusha kila kikombe kwa kidole: kikikwaruza kikiwa kipya, kirudishe. Tazama kama pete ya kufungia inaingia vizuri kwenye mfereji wake. Na tafadhali, usikubali mtu achomelee kikombe kwenye uma kwa sababu kimelegea. Uma uliolegea umekwisha.

Kardani nayo huonya kabla ya kukatika. Ukiachia klachi unasikia kling chini ya gari. Ukianza safari asubuhi, kitu kinalia kama panya, kisha kinanyamaza kikipata joto. Ukichungulia kwenye vikombe unaona vumbi jekundu la kutu. Mojawapo ya hayo likitokea, gari lisibebe watu. Nawaambia hasa ninyi akina mama mnaopewa lifti siku ya soko juu ya magunia: muulizeni dereva sauti hiyo ni ya nini. Akicheka, shukeni.

Nimalizie garajini, kwa maana huko ndiko mtu hulala chini ya gari. Land Rover imesimama kwenye mteremko mdogo, breki ya mkono imevutwa. Fundi anafungua bolti nne za kardani ya nyuma. Bolti tatu zimetoka, anaona kila kitu kimetulia. Ya nne inapotoka, amekata kwa mkono wake mwenyewe kitu pekee kilichokuwa kinashika gari, nalo linampita juu. Gari lingine lolote lililoachwa kwenye gia bila breki ya mkono hufanya vivyo hivyo. Na kwa Land Rover hizo, hata kunyanyua gurudumu moja la nyuma kwa kriki kunatosha kuliachia gari.

Kwa hiyo, kabla ya ufunguo kugusa bolti ya kardani: mahali tambarare, mawe makubwa au kabari mbele na nyuma ya magurudumu mawili, motere imezimwa, funguo mfukoni mwa fundi aliye chini. Tia alama ya rangi kwenye uma na flanji, ili kardani irudi kama ilivyotoka. Watoto wasicheze karibu. Asiweko mtu mwenye kitenge kilichoning'inia au shati lililofunguka karibu na kardani inayozunguka, hata kama gari liko juu ya magogo na motere inaunguruma polepole.

Na kwa yule aliyekwisha kupandisha gari lake, ambaye hatalishusha kwa kusoma ukurasa huu: mwambie fundi akuwekee pete ya chuma nene chini ya kardani, imefungwa kwenye shasi, karibu na upande wa sanduku la gia. Pete iwe na nafasi ya kutosha ili kardani isiiguse ponti inapopanda na kushuka. Upande huo wa mbele ukiachia bila pete, ncha inaanguka, inachoma ardhi, na gari linaweza kurushwa kama mtu anayeruka kwa mti. Chuma chakavu cha kutosha kutengeneza pete hiyo kiko katika kila garaji ya Butembo.